Mlango wa Buluu

Siku tulipoanza kutengeneza ofisi ya binti yangu ilikuwa siku ya kawaida tu. Nguo zimeanikwa, mimi nimekaa mlangoni nachambua mchele. Seremala akaingia na mbao begani, akaniuliza, "Bibi, meza inakaa wapi?"

Nikamwambia, "Unaniuliza mimi? Mkurugenzi yuko ndani."

Akacheka. "Mkurugenzi ni wewe. Yule anasaini tu."

Haya nayasema mimi, na mwalimu, jirani yangu, ndiye anayeandika, maana mimi na kalamu hatukuwahi kujuana. Yametokea kwenye nyumba hii hii ninayolala.

Kazi ya binti yangu ni ya masikio na vidole. Watu wanafanya mikutano huko maofisini kwao, wanarekodi, wanamtumia. Yeye anavaa hedifoni, anasikiliza, anachapa neno kwa neno. Aliniambia siku moja, "Mama, saa nyingine nachapa huku nawaza mboga. Vidole vinasikia vyenyewe."

Zamani ofisi yake ilikuwa meza ya jikoni. Na alikuwa na mtoto, wa kike, miaka mitano. Tulimwita Chiriku, kwa kuongea. Mimi nikimwita mke mwenzangu, naye ananiuliza, "Haya, mume wetu kaenda wapi?" Mtoto wa maneno yule! Kazi ikawa haiendi. Basi mama yake akamfundisha: ukitaka kuja ofisini, piga hodi, ungoje nikuitikie. Jikoni hakukuwa na mlango, kwa hiyo Chiriku akawa anagonga mguu wa meza. Hodi! Karibu. Hodi! Karibu. Ukawa mchezo wao. Ila kazi ikibana, mama yake anainua kidole, anasema, "Subiri." Na mtoto anakwenda kukaa kwenye stuli yake nyekundu ya plastiki, mikono mapajani, kama mtu mzima aliye kwenye foleni.

Alikuwa na pumu.

Alasiri moja, saa tisa, alipiga hodi. Mama yake akainua kidole. Mtoto akaenda kusubiri, kwa sababu alifundishwa akafundishika. Alipokuja kukumbukwa, alikuwa bado amekaa pale pale, mikono mapajani, midomo imebadilika rangi.

Hapo sisemi zaidi.

Baada ya msiba nikahamia kwake. Mwezi ukapita, kazini wakamtaka. Akasema sawa, lakini kwenye meza ile hakai tena. Na chumba kilichokuwa wazi ni kimoja, cha Chiriku. Nilimuuliza mara mbili kama ana hakika. Akanijibu, "Mama, nikikiacha kama kilivyo nitakuwa naingia kulala humo. Bora kiwe na kazi."

Tukakifanya vizuri, Mungu shahidi. Meza tukaiweka ubavuni mwa dirisha, mwanga usimpige machoni wala usiwake kwenye kioo cha kompyuta. Waya zote zikafungwa nyuma ya mguu wa meza, asije akajikwaa. Rafu mkono unapofika bila kusimama. Kiti cha kuzunguka nikakishonea mto wa mgongo, na dirishani nikampandia ua kwenye kopo. Likabaki tatizo moja: chumba kilikuwa kinarudisha sauti. Ukikohoa, kinakohoa. Seremala akasema tuweke kitu kizito ukutani, sauti imezwe. Binti yangu akatoka, akarudi na godoro dogo la Chiriku. Wakalisimamisha ukutani, wakalifunika na pazia.

Chumba kikanyamaza mpaka ukasikia unavyopumua.

Mwisho kabisa, mlango. Fundi rangi akaupaka buluu, rangi aliyoipenda mtoto. Jioni akaondoka ukiwa mbichi. Asubuhi akaniita. "Bibi, nani kashika mlango wangu?"

Nikatazama. Chini ya kitasa, usawa wa kiuno changu, palikuwa na vishimo vinne kwenye rangi, vimepangana. Viungo vya ngumi. Ngumi ndogo.

"Hapa hapana mtoto," nikamwambia.

Akapaka upya. Kesho yake vikawa pale tena, vinne. Akapaka tena. Siku ya tatu hakupaka. Alisimama na brashi mkononi, akaninong'oneza, "Bibi, hapana mtoto, au hapana mtoto *tena*?" Akaitua brashi chini. Akaenda zake, na brashi yake hakuirudia mpaka leo.

Binti yangu nilimwambia ni mimi, nimejigonga na ndoo.

Akaanza kazi. Wiki ya kwanza heri. Wiki ya pili akatoka na hedifoni shingoni. "Mama, kuna mtoto kwenye huu mkutano."

"Mtoto wa nani?"

"Sijui. Wanaume wanajadili mabomba ya maji, na chini yao kuna mtoto anapumua. Kifua kinalia."

Akairudia rekodi. Mabomba tu. Lakini ukurasa aliouchapa ulikuwa mbele yetu, na akaniwekea kidole kwenye neno moja katikati. Mimi sisomi. Akanisomea kwa sauti ndogo.

"Hodi."

Hapo ndipo nilipomwambia nilichofundishwa na mama yangu. Hodi ni tatu. Mgeni akipiga ya tatu asiitikiwe, anageuka anarudi alikotoka. Basi usiitikie. Kaza moyo mara tatu tu, yaishe.

"Ageuke tena, mama?" akasema. "Mara ya pili?"

"Hujui ni nani anayepiga."

"Namjua anavyogonga."

"Unamjua uliyemzika. Huyu humjui."

Alinitazama kama nimempiga kofi. Akarudi kwenye kiti.

Tangu siku hiyo nikawa nakaa naye ofisini kila alasiri, nimebeba ushonaji wa kujisingizia. Na stuli nyekundu, niliyoifungia stoo kwa mkono wangu mwenyewe, nikawa naikuta nje ya mlango wa buluu. Naifungia. Naikuta. Siku ya Alhamisi nilikigusa kikalio chake.

Kilikuwa na joto.

Ijumaa, saa tisa. Jua linawaka nje. Binti yangu anachapa. Mimi nimekaa nyuma yake.

Mlango ukagongwa. Chini. Usawa wa kiuno.

"Hodi."

Niliisikia mimi, kwa masikio yangu haya mazito. Binti yangu akajigeuza na kiti. Uso wake ulifunguka. Sijauona hivyo tangu azae. Akafumbua mdomo.

"Ka—"

Nikamziba. Kwa mkono huu wa kulia. Nikamkaza kichwa kifuani kwangu kama nilivyokuwa nikimnywesha dawa utotoni.

"Nyamaza," nikanong'ona. "Nyamaza, mwanangu."

Hakupigana. Machozi yalikuwa yanapita kati ya vidole vyangu, ya moto. Mikono yake ilikuwa bado mezani. Vidole vinachapa. Yeye ananitazama, vidole vinachapa.

"Hodi."

Kifua kikawa kinalia huko nje. Filimbi. Filimbi. Nikakaza.

"Hodi."

Hiyo ikawa ya tatu.

Kimya.

Vidole vikachapa kidogo tena, vikasimama. Nikauondoa mkono. Hakunilaumu. Alibonyeza kitu, printa ikatoa karatasi moja. Akaikunja mara nne, akanipa. "Ihifadhi, mama. Siku utakayotaka kujua."

Akavua hedifoni, akafunga ofisi, na chumba kile hakukikalia tena. Siku hizi anafanya kazi mjini, kwenye ofisi ya watu, wako wengi na kelele. Mwisho wa wiki ananiletea matunda. Ananiuliza hali. Hanitazami mkono.

Karatasi ilikaa chini ya godoro langu miezi saba. Niliogopa. Wiki iliyopita nikamwita mwalimu, nikamwambia nisomee. Akavaa miwani. Akaanza vizuri, mwenyekiti anasema tuendelee na ajenda ya nne. Kisha akaishusha karatasi.

"Soma, mwalimu."

Akasoma polepole.

"Hodi. Mama, kifua. Hodi. Bibi, toa mkono. Hodi. Bibi, nakuomba toa mkono. Basi. Nasubiri."

Kumbe hakugeuka. Nilidhani nimemrudisha alikotoka, kumbe nilimrudisha kwenye stuli. Miezi saba, mke mwenzangu, mikono mapajani.

Jana nilitoa stuli stoo mwenyewe, nikaiweka nje ya mlango wa chumba changu. Saa tisa alasiri nikalala kitandani, nikageukia ukuta kwa sababu ya woga, sitasema uongo. Hakuna aliyegonga. Nikasema hivyo hivyo. Nikasema mara tatu, moja kwa kila hodi niliyomnyima.

"Karibu. Karibu. Karibu, mama yangu, pita ndani."

Sikusikia mlango. Sikusikia hatua. Nilisikia usingizi tu unanichukua, usingizi mwepesi ambao sijaupata tangu msiba. Na pumzi mgongoni kwangu. Pumzi nyororo, haina filimbi.

Nilipoamka hapakuwa na mtu. Stuli ilikuwa nje pale pale, imepoa.

Lakini mwalimu anayeandika haya ameuona mkono wangu wa kulia. Nimemwambia aandike alichokiona, si ninachokisema mimi. Kwenye kiganja kuna alama nne za vidole, vidogo, kama vya mtu aliyekishika akalala nacho. Ni rangi ya buluu. Ile ya mlangoni ilikauka zamani.

Hii mpaka sasa ni mbichi.