Sufuria Iliyoungua Haikorogwi

Supu ya kuku yenye bizari aliyopika Chiriku ilikuwa tamu kuliko supu zote zilizowahi kupikwa mtaani kwao. Haya, tuseme nusu ya juu ndiyo iliyokuwa tamu. Ile ya chini, hata mbwa wa jirani aliinusa akaenda zake.

Chiriku alipewa jina hilo kwa ajili ya mdomo wake. Kila siku akirudi shuleni alivua viatu, akateka maji, kisha akaketi kitandani kwa mama na kumsimulia yote: nani kachelewa, nani kasinzia darasani. Siku hiyo alimkuta amejilaza tu. Homa ilikuwa imemwachia mama, lakini ilikuwa imeondoka na hamu yake ya kula. Siku ya nne sasa alikuwa akikohoa na kunywa maji tu, na pete ilikuwa ikimchomoka kidoleni.

Asubuhi muuguzi alimwambia baba mlangoni, "Asipokula leo, kesho msiningoje. Mleteni hospitali." Baba, fundi bomba, alimchinja kuku wa pekee aliyebaki bandani, akamnyonyoa na kumkatakata, akaenda kazini.

"Mikono yangu inatetemeka," bibi mzaa mama alimwambia Chiriku aliporudi shuleni. "Pika wewe, nikuelekeze."

Chiriku akakaanga kitunguu, kitunguu saumu na tangawizi. Akatia bizari, nyanya na karoti, kisha kuku na maji.

"Moto mdogo, na usibanduke hapo," bibi alisema, akaenda kumkanda mama miguu.

Nje wenzake walikuwa wakiruka kamba. Kule nje kikohozi cha mama hakikusikika. Mara tatu tu, Chiriku alijiambia. Tatu zikawa thelathini, mpaka harufu ya kuungua ikamfuata hukohuko.

Alipofunua sufuria, maji yalikuwa yamebaki nusu na moshi ulikuwa ukipanda kutoka chini. Kuku mwingine hakuwepo. Alishika kopo la bizari: akilimwaga lote, nani atajua? Kisha akilini akamwona mama akitema kijiko cha kwanza, na kesho akibebwa kwenda hospitali. Akaliweka kopo chini.

"Bibi, nimeunguza. Nilikuwa nje naruka kamba."

Bibi alikuja upesi, akamshika mkono wenye mwiko. "Umekoroga?"

"Bado."

"Basi supu bado tunayo. Acha kulia, utaitia chumvi."

Akaipua sufuria na kuchota supu ya juu kwa upawa, polepole, bila kugusa chini, akaihamishia kwenye sufuria safi. Wakaongeza maji ya moto na viazi, wakangoja viive.

"Kalete bakuli," bibi alisema.

Chiriku aliporudi, bibi alikuwa akimeza kitu. "Naonja chumvi," alisema.

Kijiko cha kwanza kilikaa sana mdomoni mwa mama. Chiriku alibana pumzi. Mama akameza, akafungua mdomo tena. Bakuli likaisha, na la pili likaisha. Chiriku akajifuta macho kwa mkono wa sare.

Bibi akainua kidole. "Mjukuu wangu, kosa ni kama sufuria iliyoungua. Ukilisema mapema, cha juu kinaokolewa. Ukidanganya, umekoroga, na uchungu wa chini unaenea kote. Mimi tangu nizaliwe sijawahi kukoroga."

Mama aliegemea mto. "Mama, kuku ana mapaja mangapi?" Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa imerudi.

"Mawili."

"Nimeliona moja."

"Nyama ikiiva sana huyeyuka, mwanangu."

"Na mfupa?"

"Nao pia. Kuku mwenyewe alikuwa mchanga."

Chiriku alikuwa akiutazama mfuko wa gauni la bibi, ambamo ncha ya mfupa, ya manjano kwa bizari, ilikuwa ikichungulia.