Moyo wa Chaki Mbele ya Nyumba ya Mjomba Alcide

“Futeni hilo dude la chaki, nataka kuegesha gari,” alisema Mjomba Alcide Fontenot. “Tena umekosea, binti. Kulia umeandika kushoto.”

“Ni kulia kwa mgonjwa, mjomba, si kwako,” Bernadette alimjibu jirani yao bila kuinua kichwa. “Mtu akikutazama usoni, mkono wake wa kulia uko upande gani?”

“Mwaka wa pili tu wa uuguzi, na mdomo umeshakuwa wa daktari.”

Noella, mdogo wake Bernadette mwenye miaka kumi na mmoja, alicheka. Kila Jumamosi dada yake alichora moyo kwenye saruji kati ya nyumba yao na ya mzee, huko Louisiana, na Noella ndiye aliyekuwa damu. Aliingia chumba cha juu kulia, akarukia cha chini, akakimbilia ndoo mbili zilizokuwa mapafu. Akivuta hewa, alirudi chumba cha juu kushoto, akashuka, kisha akatoka mbio hadi kwenye sanduku la barua. Huko ndiko mwilini.

“Sasa umeme,” alisema Bernadette. “Cheche inaanzia hapa juu kulia, vyumba vya juu vinabana. Katikati inangoja kidogo, vya chini vijae, ndipo inateremka.”

“Na pale katikati pakiziba?”

“Vya juu vinaita, vya chini havisikii. Vinajipigia polepole vyenyewe. Mtu anashikwa na kizunguzungu, hata anaanguka.”

Noella aliganda juu ya chaki. Jumanne iliyopita alikuwa amemkuta Mjomba Alcide ameanguka chini, kando ya mitego yake ya kamba wa mtoni. “Jua tu,” alisema mzee. “Ukimwambia dada yako, mtumbwini mwangu huingii tena.” Na hakuna kitu Noella alichokipenda kama mtumbwi ule.

Alimgeukia dada yake. “Mjomba alianguka Jumanne.”

“Wewe mtoto, mdomo wako hauna komeo?”

Bernadette alishamshika mzee kifundo cha mkono, macho kwenye saa. Alihesabu mapigo dakika nzima.

“Thelathini na nne.”

“Si vizuri? Moyo wangu haujichoshi.”

“Kaa chini, mjomba.” Bernadette akapiga simu, na gari la wagonjwa likaja.

Mtaa ule habari hailali. Kabla ya jua kuzama kila jiko lilijua kwamba umeme wa moyo wa Alcide ulikwama katikati, na kwamba madaktari wamemtia kifaa kidogo chini ya ngozi ya kifua ili kiupige jeki.

Mzee aliporudi Jumatano, Noella alijificha nyuma ya mlango. Mzee aliomba ashushwe barabarani, akasimama ukingoni mwa mchoro.

“Njoo hapa, mmbea.”

Noella alitoka taratibu.

“Siri ya zawadi, itunze,” alisema mzee. “Siri ya ugonjwa, itoe, hata mwenyewe akikununia. Ningekuwa kaburini na siri yangu.”

“Na mtumbwi?”

“Nimekatazwa kuinua mkono huu wiki sita. Nikiruhusiwa kwenda majini, mitego utaivuta wewe, mimi nitakaa nikikukosoa.”

Noella alishusha pumzi aliyoibeba tangu Jumamosi.

“Haya, mwite dada yako,” alisema Mjomba Alcide, akifungua mlango. “Majirani wameniletea vyungu vitatu vya mchuzi wa gumbo, kana kwamba nimetobolewa tumbo. Ingieni tule. Na mpite pembeni, msiukanyage moyo.”