Uzito wa Kiti cha Kushoto

Kabla hajawaonyesha injini, kabla hata hajawakaribisha kivulini, Mzee Rangasami alifungua mlango wa kushoto wa gari, akasimama kando akiushikilia kama mtu anayemsubiri bibi kizee ashuke, kisha akaufunga taratibu. Ndani hamkuwa na mtu.

"Umeona?" Mubeena alimnong'oneza mdogo wake.

"Nimeona matairi mapya," Thameem alijibu. "Nyamaza, Inspekta. Usije ukamfanya apandishe bei."

Alikuwa akimwita Inspekta tangu utotoni. Na kweli, kazi ya Mubeena pale kiwandani Coimbatore ilikuwa kupima pampu za maji kabla hazijauzwa, na mshahara wake ulikuwa wa kutoamini pampu yoyote mpaka aione ikitema.

Hilo lilikuwa gari la tatu. La kwanza, kule Tiruppur, ukiinua zulia ulikuwa unaiona barabara. La pili lilikuwa la kijana aliyelifunga bomba la moshi la kupiga kelele, akataka alipwe na kelele zenyewe. Wao walitafuta gari dogo, jepesi, ambalo vipuri vyake vimejaa soko la Ukkadam, na la bei itakayowaachia kitu cha kununulia breki na kufungia vyuma vya kumlinda dereva, maana mbio za wanagenzi katika uwanja wa Chettipalayam zilikuwa Jumapili ya pili mbele yao. Na hili lilikuwa hilo hasa. Bodi haina kutu, injini inanguruma bila kikohozi. Sokoni lingefika laki moja na nusu. Mzee alitaka rupia elfu sabini.

"Mzee, mbona rahisi hivyo?" Mubeena aliuliza.

"Kwa sababu nina sharti. Kiti cha kushoto msiking'oe."

Thameem aliweka mkono kifuani. "Kitakaa kama kilivyo, mzee wangu."

Mubeena alimtazama. Anayetaka kushindana, kiti cha pili ndicho kitu cha kwanza kukitoa, kabla spana haijapata joto la mkono. Ulikuwa uongo mdogo, uongo ambao kila mwanagenzi wa Chettipalayam angeusema. Lakini baba yao hakuwapo tena, na asubuhi ile mama yao alikuwa ameuliza jambo moja tu: "Mubeena, huyu mtoto utanirudishia?" Naye alikuwa amesema ndiyo.

Jumatatu walilipeleka gari kwa fundi Vasu. Kama ilivyo desturi ya kulibariki gari jipya, Vasu aliweka ndimu nne chini ya magurudumu manne, akawasha kafuri, akamwambia Thameem asogeze. Ndimu tatu zilipasuka zikamwaga maji. Ya nne, ya kushoto mbele, ilikuwa kavu kama gome, kana kwamba kuna aliyeifyonza.

"Ndimu za msimu huu," alisema Vasu, akaipiga teke.

Kisha wakalipandisha gari kwenye vibao vya kupimia uzito, kimoja chini ya kila gurudumu, waya zake zikienda kwenye kisanduku cha namba. Likazidi uzito wake wa kiwandani kwa kilo sitini. Sitini zote zilikuwa upande wa kushoto.

"Liligongwa, likapinda," alisema Vasu. "Au vibao vimechoka." Akapanda mwenyewe kibao kimoja kimoja, vyote vikamsoma sawa.

Waling'oa. Kiti cha nyuma, mazulia, kitambaa cha paa, na mwisho, kiti cha kushoto. Kilipotoka, harufu ikajaa gereji: mafuta ya nazi ya zamani, yaliyokaa siku nyingi kwenye nywele zisizooshwa. Vasu alikuwa amepiga hesabu kwa chaki ukutani: gari tupu, 640. Chini yake akaandika uzito wa dereva: Thameem, 66. Kisanduku kilisema 700, na garini hamkuwa na mtu.

"Sitini bado imo," alinong'ona Mubeena.

Hapo namba zikaanza kutembea. Gurudumu la kushoto mbele likapungua na la kushoto nyuma likapanda, kisha la kulia nyuma, kisha likarudi la kushoto, polepole, na springi zikilia kidogo kila mara, kama vile mtu mzima anazunguka ndani ya chumba kilichohamishwa vyombo, akipapasa, akitafuta mahali alipozoea kukaa na asipaone, mpaka uzito ule ukafika kulia, mbele, nyuma ya usukani, ukatulia.

Palikuwa mchana, saa nane, jua linachoma mabati.

"Nakileta kiti," alisema Mubeena. "Tukirudishe leo hii."

"Sheria inasema kiti kimoja, Inspekta," Thameem alisema, midomo imemkauka. "Nimengoja miaka saba nyuma ya uzio nikiwashikia wenzangu saa. Ukirudisha kiti, mimi sishindani."

"Nani amesema ushindane?"

"Basi niache nife nikipima pampu kama wewe!"

Thameem alijua neno lile limemchoma dada yake. Hakuomba radhi.

Jumatano Mubeena alipoamka, kitanda cha mdogo wake kilikuwa kitupu. Alikuwa amemshawishi Vasu waende Chettipalayam mazoezini alfajiri. Mubeena alimpigia simu Mzee Rangasami.

"Mmeking'oa," mzee alisema hata kabla ya salamu.

"Mzee, ni nini hicho?"

"Sijui. Nilimkuta humo nilipolinunua. Nilimpa kiti, tukakaa miaka kumi na mmoja bila ugomvi. Sasa anakaa wapi?"

"Kwa dereva."

"Mwambie kijana asikae pale, binti yangu. Huyo akishika mahali pa mtu hapaachi."

Mubeena alichukua bajaji, akamhimiza dereva njia nzima. Alifika gari likiingia kutoka kwenye duru. Vasu alikuwa akirukaruka na saa mkononi, maana Thameem, ambaye hakuwahi kushindana maishani mwake, alikuwa amewaacha mbali watu wa misimu mitano. Thameem alishuka. Alivua kofia ngumu bila haraka, akaipangusa, akaiweka juu ya gari.

"Asante kwa kuja, dada," alisema. "Umechoka. Ungenywa chai."

Mubeena alikuwa amekwisha kufungua mdomo amtukane, akaufunga: tangu lini Thameem akamwita dada? Jioni ile Thameem aliosha sahani yake, akakaa miguuni mwa mama akimkanda. "Mbio zimemtia adabu," mama alisema kwa furaha. Mubeena alipopita nyuma yake alisikia harufu ya mafuta ya nazi. Alijiambia imetoka kwenye gari.

Alhamisi alasiri Bawa, fakiri wa Kiislamu, alipita mtaani kama kila Alhamisi, na chetezo chake cha ubani na upepeo wa manyoya ya tausi, akifukiza duka moja hadi jingine. Vasu, ambaye dini yake ilikuwa nyingine, ndiye aliyemwita. "Bawa, leo usiishie mlangoni. Leo ingia ndani."

Gari lilikuwa kwenye vibao. Kisanduku kilisema 706.

"Jumatatu alikuwa sitini," Vasu alijaribu utani. "Leo sitini na sita. Amenenepa! Nani anamlisha mikate ya parota huyu?"

Thameem alisimama mlangoni, mikono ameikunja vizuri. "Fukiza, Bawa," alisema kwa sauti laini. "Fukiza sana. Mtoe."

Bawa akainama dirishani, akasoma dua, akapepea. Moshi ukajaa garini, lakini haukujaa kote. Nyuma ya usukani uliacha pengo, umbo la kichwa na mabega mawili yaliyoinama mbele, na usukani ukatikisika kidogo, kushoto, kulia, kama unaong'ang'aniwa. 705. 703. 700.

"Anatoka!" Vasu alisema chini kwa chini. "Anatoka!"

Mubeena alipaswa kufurahi. Badala yake alitazama ukutani, kwenye chaki. Thameem, sitini na sita.

"Panda mizani ile ya kupimia vyuma chakavu pale kwenye kona," alimwambia mdogo wake.

"Una wasiwasi, dada."

"Panda!"

Alipanda, akitabasamu. Mshale ukakimbia, ukasimama papo hapo, bila kutikisika hata kidogo. Sitini.

694, alisoma Vasu, 689, 685, na Mubeena alikuwa tayari anakimbia, amempiga kikumbo Bawa, amekishika chetezo kwa viganja vitupu na makaa yanamuunguza na hakiachii, mpaka alipokitumbukiza kwenye ndoo ya maji machafu na moshi ukakatika kwa mlio mmoja mrefu. Kisanduku kikasimama. 681.

"Binti, umefanya nini?" Bawa alipiga kelele. "Alikuwa anaondoka!"

"Ndiyo," Mubeena alisema, akilia. "Yeye ndiye aliyekuwa anaondoka."

Akaingia garini, akakaa juu ya bati tupu, akaufunga mlango. "Thameem. Nipo. Usishuke, mdogo wangu. Nishike." Hakuna aliyejibu, ila baridi fulani ililala begani kwake, nyepesi sana, kama mtoto aliyesinzia safarini. Nje, Vasu alikodolea macho kisanduku. Alitoa uzito wa Mubeena. Zilibaki kilo arobaini na moja. Mubeena aliposogea kidogo tu kuelekea mlangoni, zikawa arobaini.

"Usitoke," Vasu alinong'ona. "Dada, usitoke humo."

Simu ikalia mfukoni mwa yule aliyekuwa juu ya mizani. Alishuka, akaitazama, akaiweka sikioni.

"Naam, mama. Nakuja sasa hivi. Niwekee chakula, leo nina njaa sana." Akamtazama Mubeena kupitia kioo. "Hapana, dada hatakuja. Ana kazi."

Akaufunga mlango wa gereji nyuma yake, akashika njia ya nyumbani.