Anwani ya Bibi, Mzio wa Mjukuu

Ndugu zangu, nyumba ya Kayitesi pale mtaa wa Kabeza ilikuwa na amani. Mama yake, Mukabalisa, alikuwa ametoka tu kuhamia kwao kutoka Gatsata, na Uwineza, binti wa Kayitesi wa miaka sita, kwa furaha hakumwachia bibi nafasi ya kupumua.

Kayitesi aliandika programu za kliniki moja. Humo kadi ya mzazi imeunganishwa na za watoto wake, na za watoto na za wajukuu. Ijumaa aliandika agizo fupi: kadi ya mzazi ikibadilishwa anwani, mfumo uishushe wenyewe, kadi hadi kadi, mpaka mjukuu wa mwisho.

"Dada, tujaribu kwanza kwenye nakala ya kadi," mwenzake Mugenzi alimsihi.

"Mistari minne tu! Unaogopa nini?"

Kiburi, jamani. Akaliwasha agizo, akabadilisha anwani ya mama yake, akaona "Kabeza" imefika hadi kwa Uwineza. Akaridhika, akaenda zake.

Jumatatu asubuhi Uwineza aliamka na homa, koo limevimba. Bibi akampeleka kliniki. Muuguzi Spès akatazama kompyuta, akavuta dawa kwenye sindano.

"Iko na shida na penisilini?" akauliza kwa mazoea. "Hapa wameandika hapana."

"Oya, usimchome!" Mukabalisa akamvuta mtoto kifuani. "Hiyo nusura imuue akiwa na miaka miwili!"

Spès akaweka sindano chini, akampigia Kayitesi simu.

Kayitesi alifungua kadi ya binti yake. Agizo halikushusha anwani peke yake. Lilishusha ukurasa mzima wa bibi: anwani, simu, na "hana mzio wa dawa." Tangu Ijumaa wazazi wengine nao walikuwa wamebadilishiwa anwani, na kadi za watoto thelathini na saba zilikuwa zimefunikwa hivyo hivyo.

"Mugenzi, nimekosa. Nisaidie."

Mugenzi hakumsuta. Walilizima agizo, wakarudisha kadi za zamani kutoka akibani, wakapigia simu kila nyumba. Saa kumi jioni mzazi wa mwisho akapokea: mtoto mzima, hajachomwa chochote. Kayitesi alikaa sakafuni akalia, kisha akacheka. Nyumbani alimkuta Uwineza akinung'unika kwamba dawa ya kunywa aliyopewa badala ya sindano ni chungu. Hakuwahi kusikia manung'uniko matamu kama yale.

Funzo

Wenzangu mnaoandika programu, kinachoshuka kwa mtoto kiwe kile mlichokusudia tu. Kijaribuni kwenye nakala, na mwenzenu akiwaonya, msikilizeni. Nanyi mnaosoma kompyuta, mwulizeni pia mtu mwenyewe, kama alivyofanya Spès.