Kaka Yangu Alivunja Cherehani ya Mama kwa Sababu ya Kura

"Tupa hiyo takataka barabarani! Tupa!"

Wanaume wawili wakatoka kibandani kwangu wamebeba cherehani ya marehemu mama.

Mimi nimeshikwa mikono nyuma. Napiga kelele hadi sauti inakwama!

Na aliyekuwa anatoa amri...

Fabiano. Kaka yangu wa tumbo moja!

Wakaiachilia pale kwenye lami. Malori yalikuwa yamepanga foleni kuingia Uganda. Trela moja ikasonga mbele kidogo, vile huwa zinasonga, mita mbili, mita tatu...

KRAAAK!

Cherehani iliyomlipia Fabiano karo kuanzia darasa la kwanza hadi kidato cha nne. Chini ya tairi!

Kosa langu? Nilichekesha watu.

Ngojeni niwaeleze.

Naitwa Akurut. Nashona yunifomu za shule hapa Malaba, upande wa Kenya, kibanda kiko kando kabisa ya foleni ya malori. Wazazi walishatuacha. Tulibaki wawili tu, mimi na Fabiano.

Sasa, tulikuwa tumepiga kura ya maoni. Swali moja tu, Ndiyo ama La. Ndiyo wakatangazwa washindi kwa kura chache sana. La wakakataa, wakakimbia kortini. Serikali ikanyamaza. Hakuna mtu alijua kesho tunaamka na sheria gani.

Watu wa Malaba wangefanya nini? Walicheka. Kile kicheko cha mtu amechoka.

Kulikuwa na dereva anaitwa Griffins, alikuwa siku ya nne kwenye foleni. Anakuja kuketi kwangu, anasema:

"Fundi, mimi niliingia hii foleni nikiwa Ndiyo. Vile naona mambo, nitafika kwa daraja la mpakani nikiwa La."

Mteja wangu mmoja Mganda naye akatuangalia, akatikisa kichwa, na kile Kiswahili chao cha ng'ambo:

"Nyinyi Wakenya, mtu nauliza swali moja, nyinyi najibu mara mbili!"

Fabiano ndiye hakuwa anacheka. Alikuwa mwenyekiti wa kampeni ya Ndiyo mtaani. Ameahidiwa kazi kubwa. Lile shati la kampeni alilala nalo, akaamka nalo!

Asubuhi moja akaja Kevo, yule jamaa wa kurekodi video za mtaani na kuziweka mtandaoni. Simu puu, usoni!

"Fundi, nchi imegawanyika. Unasema nini?"

Sikuinua hata macho kwa kitambaa.

"Si imegawanyika nusu kwa nusu? Basi nileteeni hiyo nusu yangu nishone kaptula. Nusu ya nchi haitoshi suruali."

Watu wakaanguka kwa kicheko!

Kufika saa sita video iko kila mahali. Mmoja akaandika, "Fundi, yangu usiweke mifuko. Viongozi watatia mikono." Nilicheka hadi machozi.

Saa tisa Fabiano akaingia na wanaume wanne.

"Umeniaibisha! Wakubwa wananipigia simu, wanasema dada yangu ni wa La!"

"Fabi, ulikuwa mzaha tu..."

"Mzaha? Nchi ni mzaha?"

PAA! Kofi.

Yaliyofuata nimeshawaambia.

"Nikirudi nisikukute hapa Malaba! Msaliti!"

Na majirani? Watu wa kuazimana chumvi kila siku? Walisimama wametoa simu, wanarekodi. Griffins peke yake ndiye alishuka kwenye lori, akaniinua kutoka chini.

"Nenda kwa watu wako, dada. Hawa leo hawana akili."

Nikavuka daraja kwa miguu, kitambulisho mkononi, shavu limevimba. Ng'ambo nikapanda boda hadi Iyolwa, huko Tororo. Shangazi Agwang, dada ya baba, ameolewa huko, analima karanga, na Kiswahili chake kimeshakuwa cha huko.

Akanisalimu kwa Kiteso, "Yoga, Akurut! Mbona nakuja bila mkoba?"

Nikalia.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, shangazi. Ni kura."

"Kura napiga mtu kofi?!"

Siku ya sita, mchana, boda ikasimama uani. Fabiano! Shati jeupe, limepigwa pasi. Mkononi mkate na sukari.

Jamani, moyo wangu ulilainika. Nikasema huyu ni damu yangu, amekuja kujishusha. Nikasimama kabisa, nikapokea ule mkate kwa mikono miwili.

"Dada yangu! Nimekutafuta!"

"Fabi... umekuja kuniomba msamaha?"

"Ah, hayo tuache kwanza. Sikiliza. Kuna tetesi korti itaifuta hiyo Ndiyo. Watu wanahama upande! Wakubwa wa La wameiona video yako, wameipenda sana. Turekodi ingine, mimi na wewe. Useme ni mimi nilikufundisha yale maneno. Familia yetu imekuwa La tangu mwanzo!"

Nikamwangalia ule uso.

Hata haikuwa hasira, ilikuwa kinyaa! Kama mtu ametia mkono kwenye gunia la unga akashika panya aliyeoza.

"Na lile kofi?"

"Akurut, acha utoto. Hiyo ilikuwa siasa tu."

"Na cherehani ya mama?"

"Siasa tu! Tukishinda nitakununulia mbili."

Siasa tu!

Shangazi alikuwa kando anamenya karanga. Akainua kichwa polepole.

"Fabiano, mimi nauliza tu. Siku ya kura, wewe napiga nini? Ndiyo ama La?"

Fabiano akageukia boda iliyomleta.

"Si nauliza wewe?"

Fabiano akakuna shingo.

"Shangazi... mimi sikupiga."

"ATI NINI?!" Huyo ni mimi.

"Nilikuwa nangoja kwanza nione upande gani unashinda..."

"Sasa ungepiga kesho yake?" nikamuuliza.

Shangazi alicheka hadi ungo wa karanga ukamwagika. Mimi sikuweza kucheka. Nilirudisha ule mkate mikononi mwake, nikaingia ndani, nikafunga mlango. Nikamsikia akinung'unika kwamba Waganda wameniharibu. Kisha boda ikaondoka.

Baada ya siku mbili nikamwona kwa video, kofia ya La kichwani, anapiga kelele "Tangu mwanzo!" Na watu wanampongeza!

Korti hadi leo naandika haijaamua. Mimi sasa nashona hapa Iyolwa, kwa cherehani niliyoazimwa na fundi mwenzangu, Justine. Nikienda Malaba kuchukua vitambaa, majirani wananiita kwa tabasamu, "Fundi, umepotea!" Siwajibu. Fabiano naye akiniona hunipungia mkono. Mkono wangu siinui.

Funzo ni hili. Mtu akikuumiza kwa sababu ya siasa, msidanganyane kwamba siasa ndiyo ilimbadilisha. Alikuwa hivyo tangu zamani, kura ilimpa ruhusa tu. Upande wake utabadilika kwa wiki moja. Yeye habadiliki.

Na najua kuna wenu mnataka kuniuliza hapo chini kwenye maoni mimi nilipiga nini. Mmeanza tena!

Haya, nitawaambia. Fabiano hakuwahi kuniuliza, kwa hivyo atasoma hapa kama nyinyi.

Nilipiga Ndiyo.

Sikujua hata ile sheria inasema nini. Nilipiga kwa sababu kaka yangu aliniomba.