Kocha Asiyetoa Majibu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mlango Wazi alifagia ua, akanywa chai, kisha akapokea utani wa mdogo wake. Huo ndio uliokuwa mkate wake wa kila siku.

"Dada, ukitoka funga mlango," mdogo wake alisema. "Ah, nimesahau, wewe huwa hufungi!" Akacheka mpaka chai ikampalia.

Jina hilo la kejeli alilipata mwaka uliopita, shule yao ilipofungwa mabao manne na shule jirani. Yote manne yalipita kwake, beki wa kati. Tangu hapo hata wauza karanga walimwita hivyo. Na leo jioni, katika fainali ya kombe la wasichana, wangekutana tena na jirani wale wale. Wakifungwa, jina lingemganda mpaka uzeeni, wajukuu waje kumwita Bibi Mlango Wazi.

Kilichomtia hofu zaidi ni kocha. Mwalimu wao wa hisabati aliichukua timu mwanzoni mwa muhula, naye alifundisha mpira kama alivyofundisha hesabu: jibu hatoi ng'o! Ukikosea, anasimamisha mazoezi na kukuuliza, "Uliona nini?" Ukimjibu, anaongeza, "Basi ungefanya nini?" Halafu mnarudia mpaka miguu iombe msamaha.

"Mwalimu, niambie tu nisimame wapi," Mlango Wazi aliwahi kumlalamikia. "Nitasimama hapo mpaka niote mizizi."

"Ukiota mizizi, mwanangu, washambuliaji watakuzunguka na kukutakia jioni njema."

Jioni ilifika, kipenga kikalia. Kocha wa jirani alikuwa bwana mwenye kifua kama pipa na sauti ya kuamsha mtaa wa pili. "Kushoto! Rudisha! Badili upande!" Wachezaji wake walimtii kama gari linavyotii usukani. Na mwalimu wa hisabati? Alikaa kwenye benchi akimenya chungwa, taratibu, kama mtu aliyekuja kupunga upepo.

Kila shambulizi lilipokuja, Mlango Wazi aligeuza shingo kutazama benchi. Niende? Nibaki? Mwalimu alikuwa akitema mbegu. Akageuka tena; mwalimu akajifuta mdomo. Alipogeuka mara ya tatu, mshambuliaji alikuwa keshampita na mpira umetulia wavuni.

"Mlango uko wazi, karibuni ndani!" mashabiki wa jirani waliimba.

Wakati wa mapumziko mwalimu aliwagawia machungwa. Akamgeukia beki wake. "Uliona nini?"

"Nilikuona wewe!" Mlango Wazi alifoka, machozi yakimlengalenga. "Mwenzio kule anapiga kelele mpaka mishipa ya shingo imemsimama, wewe unakula chungwa!"

Kipa wao, aliyeitwa Gundi, aliuma kipande cha chungwa ili asicheke.

Mwalimu hakukasirika. "Kumbe ulikuwa unanitazama mimi. Mimi nacheza namba ngapi?"

"Huchezi, mwalimu."

"Wanaocheza je, walifanya nini?"

Mlango Wazi alifumba macho, akairudisha ile picha akilini. Kabla ya bao alisikia, "Badili upande!" Kisha mpira ukavuka uwanja. Na mara iliyotangulia? Vilevile!

"Mwalimu," alisema polepole, "kocha wao anatangaza kila kitu kabla hakijatokea. Na wachezaji wake hawaendi popote mpaka aseme."

"Basi mtafanya nini?"

Safari hii walijibu wote, wakipokonyana maneno. "Mimi nikisikia tu, nachomoka," alisema Mlango Wazi. "Na mimi nitalinda mgongo wako, nenda," alisema Gundi. Mwalimu aliwasikiliza, akatabasamu, akachukua chungwa jingine.

Kipindi cha pili hakikuchelewa kunoga. "Badili upande!" ile sauti ilinguruma. Mpira haujavuka hata nusu ya njia, Mlango Wazi akaunasa na kumsukumia Sisimizi, mshambuliaji wao mdogo mwenye mbio za ajabu. Bao! Sare, moja kwa moja.

Kocha wa jirani aligundua, akafunga mdomo. Hapo ndipo kazi ilipoharibika kabisa: sasa wachezaji wake ndio waliogeuza shingo kutazama benchi, kama vifaranga waliopotezana na mama yao.

Dakika za mwisho, Mlango Wazi aliunasa mpira tena, akapanda nao. "Nipe!" Sisimizi aliita. Mabeki wawili walisikia, wakamkimbilia Sisimizi. Mlango Wazi aliona pengo waliloliacha, na hakumtazama mtu yeyote. Alipiga shuti. Mpira ukaingia kona ya juu, mbili kwa moja, kipenga cha mwisho!

Mdogo wake aliruka uzio, akikimbia na kuita jina la dada yake, lile alilopewa na wazazi. Uwanja mzima ukalidaka.

Kocha wa jirani alikuja kutoa mkono, sauti imemkauka. "Mwalimu, mbona wewe hukusema hata neno?"

"Nilishayasema mazoezini," mwalimu alijibu. Akawageukia wasichana wake, waliokuwa wamekumbatia kombe. "Wanangu, kocha haruhusiwi kuingia uwanjani, na maishani hamtakuwa na benchi la kutazama kila mnapokwama. Fumbueni macho, fikirini, amueni wenyewe. Mkikosea, mjifunze. Mkipatia, mshangilie. Leo mmepatia, sasa mnaningoja nini?"

Hawakumngoja. Walimbeba juujuu, machungwa yakimdondoka mifukoni.