Taa ya Uani kwa Mzee Toader

Haya yalimpata Ruxanda, binamu ya mama yangu, kule milimani Bukovina, majira ya baridi ya kwanza baada ya kufiwa na mama yake, Safta. Alikuwa akiishi na baba yake mzee, Toader. Wezi wa kuni walikuwa wamezidi kijijini, basi asubuhi ya soko akaingia dukani kwa Gavril kutafuta taa ya uani.

"Ya sola usiguse, dada," Gavril alimwambia. "Kwenu mlima unameza jua saa nane mchana. Hii ya zamani inakula umeme kama nguruwe wa Krismasi. Chukua hii ya LED inayohisi mtu. Akisogea inawaka, akitulia inazimika."

"Na paka je?"

"Paka akiiwasha, nirudishie. Mchumba akiiwasha, mkaribishe."

Ruxanda akacheka, akaichukua.

Jioni giza lilipoingia, taa iliwaka. Akachungulia. Uani hapakuwa na mtu. Ikazimika. Ikawaka tena. Theluji ilikuwa laini, haina hata alama ya kuku.

Kesho yake Gavril alikuja, akaipunguza ukali wa kuhisi, akashuka ngazi, akasimama mbali. Ikawaka. Akaokota kofia yake, akaondoka bila kuaga.

Toader alikuwa dirishani. "Anatembea ili isizimike," alinong'ona.

"Nani, baba?"

"Mama yako."

Safta alianguka zizini akikamua, peke yake. Hakuna aliyemshikisha mshumaa uliowashwa, na kwao anayekufa bila mwanga hubaki gizani huko aendako.

"Mimi nilikuwa nimelala, nimeshiba," mzee alisema. "Mbadilishie, mwanangu. Weka inayowaka muda wote. Apumzishe miguu."

Ruxanda akabadilisha. Wati tisa tu, Gavril alimwambia bila kumtazama, bili haitashtuka.

Jioni hiyo taa ilitulia. Ua nao ukatulia. Ruxanda alishusha pumzi, kisha akatazama chini ya taa.

Theluji ilikuwa imeyeyuka mahali pawili. Pembamba. Kama nyayo. Vidole vimeelekea mlangoni.

Akafumba macho. Alipofumbua, zilikuwa zimesogea.

"Baba, mwanga ameshapata. Anataka nini tena?"

"Gizani alikuwa hauoni mlango."

Mkono wa Ruxanda ulikuwa kwenye swichi. Akizima, anamrudisha mama yake gizani. Asipozima, mama anaingia kumchukua baba.

"Usimzimie," Toader alinong'ona. "Nakuomba. Usimzimie mama yako."

Kidole kikagoma. Akaburura kabati hadi mlangoni, akaketi sakafuni, akaliegemea kwa mgongo. Alingoja kubishiwa hodi. Hakubishiwa. Alingoja kusukumwa. Hakusukumwa. Baridi tu ilipita chini ya mlango, ikampita na yeye.

Kulipokucha, kabati lilikuwa palepale. Toader alikuwa kitandani, amekufa, amegeukia upande aliokuwa akilala Safta. Mto wa upande ule ulikuwa na bonde la kichwa. Ndani ya bonde mlikuwa na maji ya theluji.

Baada ya mazishi Ruxanda aliukung'uta ule mto, akauanika juu ya jiko. Ulikauka, bonde halikuondoka. Akabadili manyoya. Akabadili foronya. Bonde likarudi.

Siku hizi yapo mawili.